Ini Jipya, Kirusi Kilekile

Ini lililoharibiwa na homa ya ini linaweza kutolewa lote na jingine likawekwa mahali pake. Kirusi kilicholiharibu hakitoki nalo. Kinabaki kwenye damu, na kwa homa ya ini aina B kinabaki hata ndani ya seli zilizo nje ya ini. Daktari bingwa anapofungua mishipa ili damu ianze kupita kwenye ini jipya, kirusi nacho hupita na damu hiyo. Kwa aina C, vipimo vimekionyesha kikizaliana ndani ya ini jipya katika siku za mwanzo kabisa, mgonjwa akiwa bado yuko chumba cha uangalizi maalumu na ndugu zake wakimshukuru Mungu kwenye korido.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko tunavyodhani. Nchini tumeshapandikiza figo: Muhimbili ilianza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Kwa ini, Mtanzania husafiri, na wengi huelekea India. Safari hiyo hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi, na mara nyingi ndugu wa damu hulazwa kitanda cha pili ili akatwe sehemu ya ini lake, kwa kuwa huko India maini mengi hutoka kwa watu walio hai. Kisha wote wawili hurudi nyumbani, Soweto, Mwanjelwa, Uyole, Makambako au Iringa mjini. Wanaorudi ni wachache, na uchache huo huwafanya wasahaulike katika mipango ya afya ya mkoa. Upasuaji umefanyika Delhi au Chennai, lakini miaka ishirini au zaidi ya kulinda ini hilo itapita hapa.

Tumweke basi mtu wa mfano katika mtaa wa Soweto, jijini Mbeya. Anafanya biashara ya mazao pale sokoni, ana miaka arobaini na kitu, amerudi kutoka India miezi mitano iliyopita na anajisikia vizuri. Halafu mwili unaanza kuchoka na hamu ya chakula inapungua. Atafanya kile ambacho kila mtu wa Soweto hufanya: ataingia zahanati ya karibu, atatolewa damu kidoleni, atapimwa malaria na taifodi, na pengine atarudi na dozi. Kama mhudumu ni makini na ameuliza kuhusu lile kovu refu chini ya mbavu, ataongeza kipimo cha haraka cha homa ya ini. Shida inaanzia hapo, maana kipimo hicho kinaweza kumdanganya mgonjwa wa aina hii kwa njia mbili zinazopingana.

Kipimo cha haraka cha aina C hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana na kirusi. Kingamwili ni nyayo za mwizi: zinathibitisha kwamba alipita, hazisemi kama bado yumo ndani. Mtu aliyeugua aina C akapandikizwa ini, akatibiwa na kupona kabisa, ataendelea kuonyesha kingamwili hizo kwa miaka mingi. Zahanati itamwambia ana ugonjwa naye hana. Kuna kosa la upande wa pili pia. Mtu aliyepandikizwa anameza dawa za kushusha kinga, takrolimasi kwa mfano, ili mwili usilikatae ini la mwenzake. Kinga ikishushwa, uwezo wa kutengeneza kingamwili mpya nao hupungua, hivyo maambukizi mapya yanaweza kukosa alama yoyote kwenye kijiti cha kipimo.

Kwa aina B mambo yana sura nyingine. Kijiti kinachotumika zahanati hutafuta antijeni ya uso, ambayo ni sehemu ya kirusi chenyewe, kwa hiyo kina afadhali. Antijeni iliyokuwa imepotea baada ya upandikizaji ikionekana tena, kirusi kimerudi, na hilo halina ubishi. Lakini wapokeaji wengi wa ini, hasa katika miaka ya mwanzo, huchomwa sindano za imunoglobulini, kingamwili za aina B zilizovunwa kwenye damu ya watu wengine. Akipimwa kama ana kinga, majibu yatasema anayo, ingawa kinga hiyo ni ya kuazima na itaisha wiki au miezi kadhaa baada ya sindano kukoma. Tena kirusi kinachoishi chini ya shinikizo la sindano hizo hujifunza kubadilika. Badiliko moja maarufu liko kwenye nafasi ya 145 ya antijeni ya uso, na kirusi chenye badiliko hilo kinaweza kuzikwepa kingamwili za sindano na pia baadhi ya vipimo vinavyoitafuta antijeni hiyo. Kijiti kinaonyesha mstari mmoja, mgonjwa anafurahi, na ini linaendelea kuliwa.

Ndiyo maana kwa watu hawa kipimo cha kutegemewa ni kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe na kuvihesabu. Wagonjwa wa CTC, yaani kliniki za virusi vya UKIMWI, wanakijua kwa jina la kipimo cha wingi wa virusi. Kwa homa ya ini kazi ni ileile: mililita moja ya damu ina virusi vingapi, na je, leo vimezidi vya miezi mitatu iliyopita? Mwaka wa kwanza baada ya upandikizaji, madaktari wengi hutaka hesabu hiyo kila baada ya miezi mitatu hivi, kisha, kwa aina B, kila miezi mitatu hadi sita, maisha yote. Pamoja nayo hupimwa vimeng'enya vya ini, vile ambavyo humwagika kwenye damu seli za ini zinapoumia. Vimeng'enya peke yake havitoshi. Hupanda kwa sababu nyingi, na kirusi ni mojawapo tu.

Nitakaa kidogo kwenye sababu hizo, kwa kuwa hapa ndipo watu walipotezwa huko nyuma, na ndipo wanaweza kupotezwa tena. Vimeng'enya vikipanda kwa mtu mwenye ini jipya, inawezekana mwili umeanza kulikataa ini. Inawezekana mrija wa nyongo umebana pale uliposhonwa. Inawezekana mshipa mkuu wa damu umeziba. Inawezekana ni dawa aliyopewa kwa ugonjwa mwingine. Na inawezekana kirusi kimerudi. Kati ya hizo, mbili zinafanana kama mapacha: mwili kulikataa ini, na homa ya ini kurudi. Mgonjwa ni yuleyule mchovu, na majibu ya damu yanakaribiana. Tiba zake, hata hivyo, zinakwenda kinyume. Mwili unaolikataa ini hutulizwa kwa dozi kubwa za dawa za kushusha kinga, hasa steroidi. Ukimpa dozi hizo mtu ambaye kirusi C ndicho kimerudi, umekiondolea kirusi kizuizi chake cha mwisho. Katika miaka ya 1990, kabla ya dawa za sasa, vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani vililiona hilo kwa uchungu: wagonjwa waliotibiwa kwa dozi kubwa za steroidi walirudiwa na ugonjwa mkali zaidi.

Njia ya kutofautisha ni kuchukua kipande chembamba cha ini kwa sindano na kukitazama kwa hadubini. Mtaalamu huangalia mahali chembe nyeupe za damu zilipojikusanya na zinachoshambulia. Zikishambulia vijirija vya nyongo na ngozi ya ndani ya mishipa midogo ya damu, anaelekea kusema mwili unalikataa ini. Seli za ini zenyewe zikiwa zinakufa mojamoja, zimetawanyika katikati ya tishu, anaelekea kusema kirusi. Kwa aina B anaweza pia kupaka rangi maalumu inayoonyesha protini ya kirusi ndani ya seli. Hata hivyo picha huchanganyika, na wataalamu wawili wanaweza kusoma kipande kimoja wakatofautiana. Kipande cha ini husomwa pamoja na hesabu ya virusi. Kikisomwa peke yake ni rahisi kupotosha.

Historia ya jambo hili inatia moyo, nayo haina umri mkubwa. Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini la binadamu kwa mara ya kwanza Denver, Marekani, mwaka 1963, na Roy Calne akaanza Cambridge, Uingereza, mwaka 1968. Kwa miaka mingi wagonjwa wa homa ya ini B walikuwa miongoni mwa waliofanya vibaya kuliko wote. Kirusi kilirudi kwa wengi mno, tena kwa kasi, kiasi kwamba katika miaka ya 1980 vituo kadhaa viliwakataa kabisa. Viliona ini la kupandikiza ni adimu mno kupewa mtu ambaye litaoza tena mwilini mwake. Mwaka 1993 kundi la madaktari wa Ulaya lililoongozwa na Didier Samuel wa hospitali ya Paul Brousse, karibu na Paris, lilichapisha matokeo ya wagonjwa 372 wenye antijeni ya aina B. Bila sindano za kingamwili, kirusi kilirudi kwa takribani watatu kati ya kila wanne. Kwa waliochomwa sindano muda mrefu, kilirudi kwa takribani mmoja kati ya watatu. Mlango ukafunguka. Kisha zikaja dawa za kumeza, kwanza lamivudini, baadaye entekavia na tenofovia, na leo kirusi B kurudi kwa mtu anayemeza dawa zake sawasawa limekuwa jambo la nadra.

Lamivudini na tenofovia si majina mageni Mbeya. Zimo ndani ya kidonge kimoja cha kila siku ambacho maelfu ya watu wa kanda hii wanameza kwa ajili ya virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta Njombe ikiongoza nchini kwa asilimia 11.4 ya watu wazima wenye VVU, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Tulizika watu wengi kabla ya kufika hapa tulipo. Lakini mapambano hayo yalijenga kitu ambacho hakikuwapo: wahudumu wanaojua kumfuatilia mtu kwa miaka bila kumwacha apotee, watu wa kusafirisha sampuli, na maabara zinazohesabu virusi. Kituo cha Utafiti cha NIMR Mbeya kimekuwa kikifanya tafiti za VVU na kifua kikuu kwa miongo zaidi ya miwili. Kilishiriki kuithibitisha mashine ya GeneXpert kwa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011, muda mfupi baada ya Shirika la Afya Duniani kuipitisha mashine hiyo Desemba 2010.

Mashine hiyohiyo inaweza kuhesabu virusi vya homa ya ini. Kinachobadilika ni katriji inayoingizwa ndani. Katriji ya kuhesabu kirusi C ilipata kibali cha ubora cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, na ipo pia ya kirusi B. Kutoka soko la Soweto hadi mlima wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ni safari ya bajaji. Sioni sababu ya msingi ya mtu mwenye ini jipya kupanda basi zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam kwa kila hesabu ya virusi, wakati chombo cha kuhesabia kinafahamika hapa tangu zama za makohozi. Kinachohitajika ni katriji kuwekwa kwenye bajeti, bei inayolipika au bima inayoitambua, na makubaliano kati ya daktari wa Mbeya, daktari wa Muhimbili na hospitali iliyofanya upasuaji kuhusu nani anasoma majibu na nani anabadilisha dozi. Naliandika hili nikimaanisha: ini lililonunuliwa kwa mashamba yaliyouzwa na harambee za ukoo halipaswi kupotea kwa kukosa katriji.

Faida ya katriji hizo haiishii kwa wachache waliopandikizwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B na milioni 50 na aina C, na kwamba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya aina B yalitokea Afrika. Wagonjwa wetu wengi hawatafika India kamwe. Kwa hao, hesabu ya virusi ndiyo humwambia daktari nani aanze tenofovia sasa kabla ini halijasinyaa, na nani asubiri huku akifuatiliwa.

Kwa aina C habari ni njema zaidi. Zamani kirusi hicho kilirudi karibu kwa kila mgonjwa aliyepandikizwa kikiwa bado kwenye damu, na kati ya watano, mmoja au zaidi alikuwa na ini lililosinyaa tena ndani ya miaka mitano. Tiba ya interferoni ilitesa na mara nyingi ilishindwa. Sofosbuvia iliidhinishwa Marekani Desemba 2013, na mwaka uliofuata kampuni za India zikapewa leseni ya kutengeneza ya bei nafuu kwa nchi maskini. Sasa vidonge vya wiki 12 huwaponya zaidi ya tisa katika kumi, hata wenye ini la kupandikizwa. Uponyaji huthibitishwa kwa kuhesabu virusi wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Visipoonekana, kirusi kimekwisha. Aina B haina bahati hiyo, kwa kuwa huacha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli, mahali ambapo vidonge havifiki. Anayeiugua hulindwa, na ulinzi hauna likizo. Mgonjwa akiacha dawa kwa kuwa amejisikia vizuri au duka limeishiwa, kirusi kina njia ya kurudi.

Kuna kundi jingine ambalo familia nyingi hazilifikirii: wale ambao hawakuwahi kuwa na homa ya ini kabla ya kupandikizwa. Mtoto aliyezaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba huhitaji ini mapema, na mama au baba humkatia kipande. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wazazi wengi wa leo walikua bila chanjo, na wengi wao walikutana na kirusi utotoni wakapona bila kujua. Antijeni ya uso haimo tena kwenye damu yao. Ila ndani ya ini lao kirusi kimelala kwa sababu kinga yao inakikalia juu. Kipande hicho kikihamia kwa mtoto anayemeza dawa za kushusha kinga, kirusi kinaweza kuamka. Kinachomfichua mchangiaji wa namna hii ni kipimo cha kingamwili za kiini cha kirusi, ambacho vijiti vya zahanati havikifanyi. Hospitali nzuri hukifanya kabla ya upasuaji na humwandikia mtoto dawa ya kinga. Wazazi wanapaswa kuijua sababu ya dawa hiyo, la sivyo mtoto ataiacha siku moja kwa kuwa kila mtu anakumbuka kwamba yeye "hakuwa na homa ya ini".

Katika Soweto nyingine, ile ya Johannesburg, watu wako karibu na hospitali iliyokutana na fumbo la aina hii kwa kirusi tofauti. Mwaka 2017 madaktari wa Wits Donald Gordon walimpandikiza mtoto asiye na VVU kipande cha ini cha mama yake anayeishi na VVU, kwa kuwa mchangiaji mwingine hakupatikana na mtoto alikuwa anakufa. Walimpa dawa za kinga. Wiki kadhaa baadaye kingamwili za VVU zilionekana kwenye damu ya mtoto, kisha zikaanza kupungua, huku vipimo vya kukitafuta kirusi chenyewe vikiwa havikioni. Walipoandika ripoti yao mwaka 2018 walisema wazi kwamba hawawezi kuthibitisha kama mtoto ameambukizwa. Uaminifu huo ni mfano kwa yeyote anayesoma majibu ya mtu aliyepandikizwa.

Kwa mtu wetu wa sokoni kule Mbeya kuna mambo ya papo hapo. Faili lililotoka India lisiachwe kwenye sanduku. Nakala yake ikae hospitali ya rufaa, na ukurasa mmoja wa muhtasari akae nao yeye: aina ya kirusi, tarehe ya upasuaji, hali ya kingamwili za mchangiaji, dawa na dozi, hesabu ya mwisho ya virusi. Akikutwa na kifua kikuu, ambacho kanda hii bado inacho, daktari ajue kwamba rifampisini huishusha takrolimasi kwenye damu kwa kasi na mwili unaweza kulikataa ini kabla dozi ya mwezi haijaisha. Rifampisini pia hudhoofisha dawa za aina C. Balungi hufanya kinyume, huipandisha takrolimasi hadi kuwa sumu. Takrolimasi na tenofovia zote huzielemea figo, kwa hiyo figo zipimwe kila vimeng'enya vinapopimwa. Mitishamba ya "kusafisha ini" inayouzwa stendi na sokoni asiiguse hata akiapiwa. Mahindi na karanga zenye ukungu asile, kwa kuwa sumukuvu na kirusi B kwa pamoja ndizo njia ya haraka ya kuelekea saratani ya ini. Pombe, iwe ulanzi au komoni, ikae mbali, hata kwenye sherehe ya ukoo uliomchangia nauli.

Na akichoka ghafla, apimwe malaria kama kawaida, kwa kuwa malaria nayo inaua. Ila siku hiyohiyo mirija miwili ya damu iende maabara, mmoja wa vimeng'enya na mmoja wa kuhesabu virusi, bila kusubiri macho yawe ya njano. Manjano ikionekana, mara nyingi kirusi kimeshafanya kazi kwa wiki nyingi. Siku kirusi kinapoonekana kwenye hesabu vimeng'enya vikiwa bado vimetulia, mara nyingi dawa ya kumeza hutosha, na mgonjwa anaweza kurudi kazini mapema.